Neno Lililoziba Kidevu

"Muuaji wangu!"

Maneno hayo yalimtoka dada mmoja mwenye gauni la njano, katikati ya foleni ya duka kubwa, Jumamosi saa tano asubuhi, wakati mji mzima ulipokuwa umekumbuka kwa pamoja kwamba sabuni imekwisha. Mama mmoja alivuta kikapu chake karibu. Mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa akisinzia kwa heshima zote kama mwanafunzi wa kipindi cha mwisho cha Ijumaa, alifumbua jicho moja.

Aliyeitwa muuaji aligeuka. Alikuwa na shati la buluu lililopigwa pasi vizuri mno, viatu safi, na pakiti mbili za nyembe mkononi. Nyembe hazikumsaidia hata kidogo.

"Samahani, dada. Unasema na mimi?"

"Huo ndio mgeuko wenyewe! Bega la kushoto kwanza, halafu unapepesa macho mara mbili. Nimekutazama wiki tatu nzima."

"Unanitazamia wapi?"

"Kazini. Mimi ndiye ninayekukata."

Mama wa kikapu alihamia foleni nyingine.

Ilibidi dada ajieleze haraka kabla mlinzi hajafumbua jicho la pili. Alikuwa mhariri wa picha katika kituo cha televisheni. Alihariri mfululizo uitwao Mlango Uliofungwa, wa visa vya kweli vya watu waliouawa na wauaji wao wasijulikane. Kisa kilichokuwa mezani kwake kilimhusu fundi saa mmoja mzee, aliyekutwa amekufa ndani ya duka lake, mlango umefungwa kwa nje. Kwa kuwa hakuna aliyemwona muuaji, mwongozaji wa kipindi alitafuta mtu wa kuigiza. Siku moja alikuwa akinyolewa, akamtazama kinyozi wake kwenye kioo, akasema, "Una macho ya mtu anayeficha kitu." Kinyozi hakuwa akificha chochote isipokuwa njaa. Alikubali.

"Kumbe sote ni watu wa kukata," alisema kinyozi, akicheka. "Basi nitakuita Mkasi."

"Na mimi nimeshakupa jina."

"Liseme polepole, tafadhali. Mlinzi ananitazama."

Mlinzi alikuwa akimtazama kweli. Alimtazama akilipa, akamtazama akitoka. Lakini watu wawili wakianza kupeana namba za simu, hata dari ikiwaangukia watauliza kwanza, "Mwisho ni saba au tisa?"

Korido ya wahariri ilikuwa na vyumba vinne visivyo na madirisha. Cha kwanza walihariri wanyama, cha pili nyumba za kifahari, cha tatu vita vya zamani, na cha nne, mwishoni, palipo na taa inayopepesa, alikaa Mkasi na maiti wake. Jirani yake wa wanyama, mzee mmoja mcheshi aliyeitwa Fisi kwa sababu ya kazi yake, alikuwa amempa funzo la kwanza la taaluma: "Binti yangu, yule fisi wangu mmoja shujaa ni fisi watatu. Watazamaji wanaamini kila unachowaonyesha. Ndiyo maana lazima umwambie mtu ukweli pale penye shaka."

Kwa hiyo kila mahali palipoigizwa, paliwekwa neno moja jeupe chini ya picha: IGIZO.

Jumatatu hiyo Mkasi alirudia tena zile sekunde kumi na mbili. Kinyozi anafunga mlango wa duka la saa, anatia ufunguo mfukoni, anageuka kuelekea kamera. Alikuwa na kishimo kidevuni. Mkasi alikigundua dukani, kwenye foleni, na sasa alitaka kukiona tena, lakini neno IGIZO lilikuwa limekaa juu yake kama kifuniko juu ya sufuria. Akaliondoa. Ni kwa dakika moja tu, alijiambia. Kishimo kikatokea.

Simu ikaita.

"Mkasi wangu, umekula?" aliuliza kinyozi. Siku mbili za kupigiana simu zilikuwa zimetosha kuwafanya wapenzi.

"Bado, mpenzi. Nakutazama."

"Nafanya nini?"

"Unaua mtu."

"Nikimaliza, nikuletee juisi?"

Walicheka mpaka mlango ukagongwa. Mwongozaji alitaka kipindi saa hiyohiyo. Mtambo wa kurushia ulikuwa ukisubiri. Mkasi, simu ikiwa begani, alikituma. Neno IGIZO lilibaki pembeni ya skrini, nje ya picha, pale alipoliweka.

Alhamisi saa moja jioni alikaa sebuleni na shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni. Shangazi aliamini mambo mawili duniani: dua na televisheni. Muuaji alipogeuka, uso mtupu, safi, kishimo na yote, Shangazi alishika kifua.

"Huyo hapo! Wamempata! Tazama macho yale, mwanangu. Mtu kama huyo ana mama kweli?"

Mkasi alitazama chini ya picha. Hapakuwa na neno.

"Huenda anaigiza tu, Shangazi."

"Wangeandika. Siku zote huwa wanaandika."

Kesho yake kinyozi alifungua saluni saa mbili. Mteja wa kwanza alikaa, akafungwa kitambaa shingoni, akainua macho kwenye kioo, akakumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Aliondoka na kitambaa. Wa pili hakuvuka kizingiti. Ukitafakari, hawakukosea: nani ampe koo lake mtu aliyemwona akiua jana jioni, kwenye kipindi cha kweli?

Kufikia Jumatano viti vitatu vilikuwa vitupu na upande wa pili wa barabara palikuwa na watu. Hawakuzomea. Walisimama tu, wakipokezana kama walinzi wa zamu. Mpelelezi mmoja alikuja, akauliza maswali kwa upole, akagundua kwamba mwaka wa tukio kinyozi alikuwa bado chuo cha ufundi, mji mwingine kabisa. Alimwachia kadi yake, akaondoka. Watu wa upande wa pili waliona mpelelezi tu, kadi hawakuiona.

Na simu. Nyingi zilikuwa za matusi, lakini kila siku, saa kumi kamili, namba moja iliyofichwa iliita. Kinyozi akipokea, hapakuwa na matusi. Palikuwa na pumzi ya mtu aliyetulia, kisha kimya, kisha inakatwa.

"Ni watoto wa shule hao," Mkasi alimwambia, akimshika mkono. "Watachoka."

"Mtoto hapumui hivyo, mpenzi. Nitamjua tu aliyeondoa lile neno. Mwongozaji wenu yule, nina hakika. Alitaka kipindi kitishe."

Mkasi akamwuliza kama chai ina sukari.

Siri hiyo ilidumu siku tisa. Aliyeivunja ni Fisi, tena kwa wema. Alikwenda saluni makusudi ili anyolewe, awaonyeshe watu, na kichwa kikiwa kimejaa povu akasema, "Usimchukie binti yetu, mwanangu. Mkono uliteleza tu." Alitoka nje amenyolewa upande mmoja.

Simu iliita kwa Mkasi kabla povu halijakauka.

"Ni wewe?"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Ni wewe au siyo wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini uliliondoa?"

Hakuwa na uongo wa kutosha. "Lilikuwa limekuziba kidevu."

Ulisikika wembe ukiwekwa mezani.

"Leo asubuhi wamebamiza mlango wa nyumba yangu kwa nje na kuufunga kwa mnyororo," alisema kinyozi polepole. "Kama ule wa fundi saa. Nimetokea dirishani. Na wewe ulikuwa hapa kila siku, unaniuliza habari za sukari. Usinipigie tena."

Mkasi alikwenda kwa mwongozaji. Alimkuta amevaa koti jipya.

"Turushe sahihisho, bosi. Leo. Wamemfungia mtu ndani ya nyumba yake."

"Sahihisho? Watazamaji wameongezeka mara mbili! Marudio ni Jumapili saa kumi, yaache yalivyo. Upepo utapita."

"Na usipopita?"

Mwongozaji alitabasamu. "Tutakuwa na kisa kipya."

Alikuwa akitania. Angalau Mkasi aliomba iwe hivyo.

Jumapili mchana, Mkasi aliingia chumba cha nne peke yake. Alilirudisha neno IGIZO, na safari hii aliliandika kubwa kiasi cha kusomwa na bibi asiye na miwani. Mwishoni alibandika kipande kilichokuwa kimetupwa: kinyozi anajaribu kufunga mlango, kitasa kinang'oka na kubaki mkononi, anakiangalia kwa huzuni na kuuliza, "Sasa niue kwanza au nirekebishe?" Halafu aliiwasha kamera, akakaa mbele yake bila kupaka hata poda.

"Mimi ni mhariri wa kipindi hiki," alisema. "Huyu ni kinyozi. Hakumdhuru mtu yeyote. Neno la kuwaambia hivyo nililiondoa mimi, kwa sababu lilinizuia kumtazama. Kosa ni langu, siyo lake. Muuaji wa fundi saa bado hajulikani. Mtakaosimama barabarani kesho, njooni mnisimamie mimi."

Akakituma kipindi, kikarushwa saa kumi. Saa kumi na moja na robo hakuwa na kazi. Saa kumi na moja na nusu Shangazi alipiga simu.

"Nimekuona. Ungepaka hata mafuta usoni, mwanangu."

"Samahani, Shangazi."

"Huyo ndiye bwana uliyekuwa ukimficha? Amekaa vizuri. Mlete tumwone." Shangazi alivuta pumzi. "Ila mkate nitaukata mwenyewe."

Jumatatu saa tisa na nusu alasiri, Mkasi alivaa lile gauni la njano na kwenda saluni. Watu wa upande wa pili walikuwepo, wachache zaidi, wakikwepa kutazamana. Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, mikono mapajani. Hakuinuka.

"Nilikwambia usinipigie."

"Sikupiga. Nimekuja kunyolewa."

"Wewe ni kichaa."

"Nyuma ya shingo tu, pale vinapoota vinywele vile vidogo. Kwa wembe."

Alikaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na kioo cha barabarani, akainamisha kichwa, akaacha shingo wazi mbele ya mtaa mzima. Kinyozi alisimama. Alimfunga kitambaa taratibu, akafungua wembe mpya. Wembe ulipogusa ngozi, Mkasi hakutikisika. Mtu mmoja upande wa pili alivua kofia, bila shaka bila kujua kwa nini, kisha akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

"Nilikiona kipindi jana," kinyozi alisema nyuma yake. "Ulikuwa umevimba macho."

"Kuna mtu alinikataza kumpigia."

"Mjinga huyo."

"Ana kishimo kidevuni, mtu husamehe."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mkasi wangu, usijitikise sasa, wembe uko shingoni. Utaolewa na mimi?"

"Hivyo ndivyo unavyoposa? Kwa vitisho?"

"Nina uso wa kazi hiyo. Jibu."

Simu ikaita. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kamili.

Kinyozi aliitazama. Namba iliyofichwa. Watu waliokuwa wakimtukana kwa simu walikuwa wamenyamaza tangu jana. Aliyebaki ni huyu mmoja ambaye hakuwahi kutukana. Aliipokea. Mkasi, kwenye kioo, aliona rangi ikimtoka usoni, na akajua kwa hakika ya mtu wa kazi yake kwamba hili halikuwa igizo.

"Amesema nini?" aliuliza simu ilipokatwa.

"Leo amesema." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kwa adabu sana. Amesema, 'Kwa hiyo sasa wanajua siyo wewe.' Halafu akanipa pole kwa usumbufu."

Mkasi alivua kitambaa, akainuka. Karibu wiki mbili mji mzima ulikuwa umemtazama kinyozi, na siku hizo zote kulikuwa na mtu mmoja mahali fulani aliyelala usingizi mnono. Yeye ndiye aliyemwamsha, kwa sauti yake, kwa uso wake usiopakwa poda.

Alichukua kadi ya mpelelezi iliyobandikwa kwenye fremu ya kioo, akaitia mkononi mwa mpenzi wake. Akaenda mlangoni. Barabara ilikuwa tupu, jambo walilokuwa wakiliombea kwa siku nyingi. Akasukuma komeo la juu. Akasukuma la chini. Akazungusha ufunguo mara mbili, kwa ndani.

"Ndiyo," alisema, bila kugeuka. "Nitaolewa na wewe. Sasa mpigie."