Kozi ya Perl ya Marehemu Anyosisye

Mteuzi, mtambo unaowachagulia wanafunzi wa Mbeya masomo, ulipitia kozi zote za Perl kabla chai ya mhandisi Tusekile haijapoa. Perl ilikuwa lugha kongwe ya kompyuta, lakini kurasa za mtandaoni na hifadhidata ya wagonjwa wa mkoa mzima bado ziliendeshwa kwayo, na vijana wa kuzitunza walipaswa kufundishwa. Sheria iliruhusu kozi moja tu kwa kila lugha. Nyingine zilifutwa kotekote, maana vifaa vyote vya jiji vilitumia kumbukumbu moja. Mtambo ulipendekeza tu. Kufuta kulihitaji kidole cha mtu, na siku hiyo kidole kilikuwa cha Tusekile.

Zilibaki mbili. Moja ilikuwa ya marehemu baba yake.

Anyosisye alifundisha taratibu, akikatiza katikati ya kila somo anywe chai. Mama hakuelewa hata mstari mmoja wa Perl, ila kila jioni alifungua somo akalisikiliza huku akichambua maharage. Hakuna sauti nyingine ya mumewe iliyosalia.

Tusekile aliuliza kozi ile ina dosari gani. Mteuzi ukamwonyesha somo la hifadhidata: baba alipachika maneno yanayoandikwa na mgeni wa ukurasa moja kwa moja ndani ya amri, bila kuyatenga. Mwenye nia mbaya angeandika amri yake mahali pa jina, na hifadhidata ingemtii. Tusekile alitafuta pa kumtetea baba, akakosa. Kozi ya pili ilifundisha kutenga tangu mwanzo, na maisha ya wagonjwa si ya kuchezea. Akabonyeza, akalia palepale kitini. Mteuzi ukamshukuru kwa uamuzi sahihi. Mashine hizi bwana, adabu zinayo, haya hazina.

Nyumbani alimkuta mama ameweka ungo wa maharage mapajani, anagusagusa kioo cha kifaa cha ukutani kisichojibu. Tusekile akamweleza yote. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo alikosea."

"Alikosea, mama. Watu wangeumia."

"Mimi alinikosea mara ngapi, mwanangu," mama akasema, "na sikumfuta."

Akarudia maharage yake. Tusekile akakaa karibu naye, wakachambua pamoja. Ulipofika wakati ambao baba angekatiza somo, mama aliinuka, akaenda kuchemsha chai.