Damu ya Kifungo Yasomwa

Mama Kifungo, fundi cherehani, alikuwa akishona sare za shule. Miguu ilikanyaga pedali, jicho moja likimlinda binti yake. Kifungo, aliyeitwa hivyo kwa udogo wake, alijilaza juu ya majora ya vitambaa. Homa ilikuwa imerudi tena. Kila ikiondoka na jasho, hurudi.

"Mpe haya, hayajaguswa na moto," bibi yake Kifungo alisema, ameshika kikombe cha maziwa. "Ukiyachemsha, nguvu yote inapaa na mvuke."

Kifungo akanywa. Asubuhi walirudi hospitali.

Mara ya kwanza kipimo hakikuonyesha malaria. Damu iliyowekwa maabara ili vijidudu viote nayo haikuotesha kitu.

"Safari hii tutaisoma damu yake," alisema mtaalamu wa maabara.

Bibi alishtuka. "Kusoma damu? Mwanangu, hapa ni hospitali au kwa mganga?"

"Mganga angekutajia jina la jirani, bibi. Mimi natafuta jina la kijidudu." Akamgeukia mama. "Fundi, nikikuletea kipande cha kitambaa, utajua kimekatwa kwenye jora gani?"

"Nikitazama nyuzi tu!"

"Basi kila kijidudu kina vinasaba, mfano wa nyuzi hizo. Hata kikikataa kuota, vipande vya vinasaba vyake vinaweza kuwa ndani ya damu. Mashine inavisoma, kompyuta inavilinganisha na vya vijidudu vinavyojulikana. Si kila mara tunapata jibu. Tukilipata, tunajua dawa."

Siku ya majibu, mtaalamu alikuja koridoni karibu akimbie.

"Tumekipata! Kinaitwa brusela. Hutoka kwa mifugo. Mtoto anakunywa maziwa mabichi?"

Mama alimtazama bibi. Bibi alitazama sakafu.

"Nilikuwa namtia nguvu," alisema taratibu. "Yakichemshwa, inapaa na mvuke."

"Nguvu haipai na mvuke, bibi," alimwambia daktari aliyekuwa akimtibu Kifungo. "Kinachokufa motoni ni kijidudu. Chemsha maziwa mpaka yafure."

Akampa Kifungo dawa za kunywa kwa wiki kadhaa. "Homa ikitulia, msiache. Mmalize zote."

Walimaliza zote. Homa haikurudi. Kifungo sasa alikimbia na futi ya mama yake shingoni, akipima viti, milango, hata paka.

"Bibi! Maziwa yamefura!"

Bibi hakuondoa macho kwenye sufuria.

"Yaache kidogo," alisema. "Bado nayasoma."