Shingo Sita za Mninga

Jumamosi asubuhi mwalo wa Kibirizi haukuwa na pa kuweka mguu. Maboti ya mbao yalikuwa yameingia kutoka Kongo, wachukuzi wakipita na mizigo mabegani wakiomba njia kwa sauti, na wanawake wa dagaa wakiwafokea wasiwakanyagie mali yao iliyoanikwa. Katikati ya vurugu hiyo, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokwisha kuingia magamba ya samaki alikuwa amechuchumaa mbele ya rundo la mbao. Aliinua ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio, akaurudisha. Kisha akachukua mwingine.

Nyuma yake alisimama Winfrida, akimsubiri mwenye boti aliyekuwa anamletea pampu iliyoungua. Alivaa ovaroli ya bluu iliyokunjwa mikono, kitenge cha njano kichwani, na hereni ndogo zilizometa kila alipogeuza shingo. Alimwangalia kijana yule hadi ubao wa saba, uvumilivu ukamwishia.

"Unambishia hodi nani?" aliuliza. "Humo hakuna mtu."

Kijana aliinua uso. "Yupo, dada. Ila huyu bado ana maji mwilini. Natafuta aliyekauka."

Ndivyo walivyofahamiana. Alijitambulisha kuwa anaitwa Anatoli, fundi seremala wa Rusimbi, na kwamba anatengeneza magitaa ya umeme. Winfrida alicheka akidhani ni utani, lakini mwenzake hakucheka. Alimweleza kwamba gitaa zuri likitoka Dar es Salaam bei yake ni ya ng'ombe wawili, na lile la bei rahisi linapoteza sauti kabla misa haijaisha. Yeye alitaka kutengeneza gitaa ambalo mpigaji wa kwaya kutoka kijijini angeweza kulinunua kwa maharage ya msimu mmoja, kisha amwachie mwanawe. Alikuwa amepunguza kila kinachopunguzika. Hakuweka rangi za kung'aa wala mapambo, na umbo lilikuwa moja tu kwa wote. Lakini mbao haikupunguzika, wala vyuma vya shingoni, wala pikapu, kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kusikia zinavyotetemeka. Pikapu za kuagiza nje zilimgharimu sawa na gitaa zima lililobaki.

"Ndani yake kuna nini?" Winfrida akauliza.

"Sumaku, na waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa mara elfu kadhaa."

Winfrida alimtazama kama mtu anayemwonea huruma. "Kumbe ulikuwa unahangaika bure. Mimi ninasuka mota."

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, Mzee Thobias, ambaye macho yake hayakuweza tena kuona nyaya nyembamba. Kibanda chao kilikuwa Mwanga, kando ya soko, na humo Winfrida alisuka upya mota za pampu, za mashine za kusaga, na jenereta za wavuvi. Pikapu ya kwanza aliyoisuka ililia kama mbwa mdogo. Ya pili haikutoa sauti kabisa. Waya ulikatika mara nyingi, na kila ulipokatika alianza upya, kwa sababu kiungo kimoja tu kingechafua sauti. Ya tano ilipofungwa, Anatoli alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga nyuzi tatu, na Winfrida akajikuta ameweka koleo chini. Sauti ilikuwa safi, yenye uzito, ikabaki hewani muda kabla ya kufifia.

Baada ya hapo simu hazikukoma. Anatoli alipiga mchana kuuliza kama waya umefika, akapiga tena kuuliza kama sumaku zimetosha, akapiga mara ya tatu kuuliza kama amekula.

"Toli, umepiga kwa ajili ya waya au kwa ajili yangu?"

"Waya ni kisingizio."

"Nilijua. Nilitaka tu useme mwenyewe."

Jumapili walitembea hadi ufukweni Ujiji, Anatoli akiwa amevaa suruali iliyopigwa pasi hadi ikasimama, Winfrida na gauni la maua lililomfanya asimtambue mara ya kwanza. Walikula migebuka ya kuchoma kwa vidole, wakabishana kuhusu idadi ya mizunguko ya waya, na Winfrida akamwambia hajawahi kumpata mwanamume wa kubishana naye jambo hilo.

Mwezi wa pili, Erasto, mfanyabiashara wa vyombo vya muziki pale mjini, aliagiza magitaa sita kwa ajili ya kwaya sita za vigango, yafike kabla ya Pasaka. Anatoli alikubali kabla hajahesabu mbao. Alipozihesabu aliona kwamba zile zilizokauka zimekwisha, na zilizobaki zilihitaji kiangazi kizima. Angeweza kumwambia Erasto asubiri. Lakini alikuwa na jambo jingine moyoni, ambalo hakumwambia mtu. Alitaka barua ya posa ifike kwa Mzee Thobias mara tu baada ya Pasaka, na hakutaka kwenda mikono mitupu. Akaziweka mbao mbichi karibu na moto wa mkaa siku nne, akazipiga randa, akachonga shingo sita. Zilionekana nzuri. Winfrida alizifunga pikapu zake bila kuuliza, maana hakuona sababu ya kuuliza.

Magitaa yalipigwa Jumapili ya Matawi na watu wakayasifu. Kiangazi kiliposhika, yakaanza kugoma. Nyuzi zilipanda juu ya shingo, vidole vikauma, sauti zikaachana.

Erasto alifika Rusimbi amefura. Alisema alijua tangu mwanzo, tatizo ni zile pikapu za binti wa mota; mtu aliyezoea pampu za maji atajuaje muziki? Anatoli alikuwa ameshika randa mkononi. Alijua kosa lilipo, alijua kama anavyojua jina lake.

"Nitaangalia," alisema.

Hakusema zaidi, na Erasto akaondoka na jibu hilo akalitembeza mji mzima. Haikupita wiki, wenye maboti wawili wakachukua mota zao kutoka kibandani Mwanga, wakizipeleka kwa fundi mwingine. Winfrida hakuelewa kwa nini, mpaka alipokuja Dismasi.

Dismasi alikuwa mpigaji wa kwaya ya Simbo, mtu mzima wa kuongea taratibu. Alibeba gitaa lake limefungwa kwenye kanga. "Mwakeye, mwanangu," alisalimia kwa Kiha, kisha akasema kwa aibu kwamba ameambiwa pikapu ina kasoro, lakini ameona ni heri amuulize mwenyewe aliyeisuka. Winfrida aliipima kwa mita. Ilikuwa nzima. Akalinyanyua gitaa, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake. Ilikuwa imepinda kama upinde.

Mchana ule ule alikuwa Rusimbi, bado na ovaroli yake, gitaa la Dismasi mkononi.

"Shingo hii uliitoa kwenye ubao gani?"

Anatoli aliitazama shingo. "Ulikuwa haujakauka."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Erasto aliposema ni mimi?"

"Nilimwambia nitaangalia. Wini, nilikuwa nataka kuleta barua kwenu. Nilikuwa na haraka."

"Mimi sikukuomba haraka," alisema Winfrida, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Waya ukikatika mzunguko wa elfu sita, naanza moja. Uliniambia magitaa haya hayatakuwa na ujanja ujanja, nikakuamini. Kumbe ujanja umeniwekea mimi."

Aliliacha gitaa la Dismasi juu ya benchi akaondoka. Tangu siku ile simu ya Anatoli iliita bila kupokelewa.

Alikosa usingizi, alikosa hamu ya kula, lakini zaidi alikosa namna ya kujitazama. Mwishowe aliazima pikipiki, akaanza kuzunguka. Alikwenda kwenye kila kigango kilichokuwa na gitaa lake. Kila alipofika aliomba nafasi baada ya misa, akasimama mbele za watu na kusema mambo mawili: kwamba aliweka mbao mbichi akijua ni mbichi, na kwamba pikapu za Winfrida binti Thobias hazina dosari yoyote. Mahali pengine watu waliguna, mahali pengine wakamzomea kidogo. Alichukua magitaa, akaahidi kuyarudisha na shingo mpya. Hata Erasto alimfuata dukani kwake, akamwambia yale yale.

Sasa ilibaki mbao. Hakuna mbao kavu aliyokuwa nayo, isipokuwa iliyokuwa chumbani kwake.

Ilikuwa kitanda. Mwaka uliotangulia nyumba moja ya zamani ilibomolewa Ujiji, akanunua boriti zake za mninga, zilizokauka miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Kila alipopata wasaa alichonga, akaweka ubao wa kichwani wenye maua, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama ngozi. Hakuwahi kukilalia. Kilikuwa kinamsubiri mtu. Siku mbili alikitazama. Siku ya tatu akachukua msumeno.

Dismasi alikuwa wa kwanza kuja kuchukua gitaa lake. Alilipiga, akaridhika, kisha akaona nyuma ya shingo, karibu na mwili, alama ya nusu ua lililochongwa. Akauliza. Anatoli akamweleza. Mzee huyo, badala ya kushika njia ya Simbo, alipitia Mwanga.

Simu ya Anatoli iliita saa tisa alasiri.

"Unaendelea kukata?" aliuliza Winfrida.

"Nimemaliza ya tano."

"Acha ya sita. Ibaki hivyo."

"Siwezi, Wini. Ni ya watu wa Ujiji, wanaisubiri."

Upande wa pili Winfrida alikuwa anatabasamu. Anatoli hakujua, lakini hilo ndilo jibu alilotaka kulisikia.

"Basi nakuja kufunga pikapu."

Alikuja na gauni la kitenge cha bluu na kilemba cha kitambaa hicho hicho, chombo cha kulehemu ndani ya pochi. Anatoli alikuwa na unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Winfrida aliichukua shingo, akafumba jicho moja. Ilikuwa imenyooka kama uzi. Walifanya kazi bila maneno mengi, yeye akiunga nyaya, mwenzake akipachika nyuzi. Gitaa lilipolia sawasawa, Anatoli aliliweka chini.

"Nilinyamaza pale nilipopaswa kusema. Nisamehe. Sitanyamaza tena."

"Umelisema hilo mbele ya vigango sita. Baba alikuwa kwenye kimojawapo, akarudi akanisimulia." Aligeuka kuutazama mlango wa chumba uliokuwa wazi, na sakafu tupu ndani yake. "Lakini kitanda umekimaliza. Nikija hapa nitalala wapi?"

Ilimchukua Anatoli muda kuelewa alichosikia. Alipoelewa, alijibu kama fundi. "Nitatengeneza kingine. Ila mbao nitakazopata sasa zitahitaji miaka miwili kukauka."

"Huwezi kufupisha?"

"Hapana. Siwezi."

"Vizuri," alisema Winfrida, akampangusa unga kwenye nyusi kwa ncha ya kilemba chake. "Basi lete barua. Tutaanza na mkeka, kitanda kitatukuta ndani."

Wiki iliyofuata Dismasi ndiye aliyeipeleka barua Mwanga. Mzee Thobias aliishika mbali na macho ili aisome, ikamshinda, akamwomba mgeni amsomee. Kisha akauliza kama huyu mwandishi ndiye yule kijana aliyesimama kanisani akajishtaki mwenyewe. Akaambiwa ndiye.

"Mwambieni aje," alisema mzee.