Bomba Lililokatwa Pichani

Walikutana stendi ya mabasi, saa ile watu wanapokanyagana. Mpiga picha alipiga goti mbele ya fundi viatu, dada mwenye gauni la njano, uzi mdomoni.

"Kaka, kama unachumbia, inuka. Hapo pachafu."

"Nasubiri jua likufike shavuni. Usinitazame."

"Nisikutazame, ila wewe unitazame. Una mambo wewe."

Tangu hapo simu hazikuisha. Umekula, mpenzi? Uko na nani? Niko na kamera tu, kipenzi.

Asubuhi moja fundi alishuka kwenye basi, akainua kichwa. Kwenye bango refu kama ghorofa alikuwa yeye. Gauni lake la njano, maji meusi miguuni, na maandishi: HAWA NDIO WANAOCHAFUA MJI. WAONDOKE.

Abiria walitazama bango, wakamtazama yeye. Akampigia mpiga picha simu.

"Umeniuza."

"Mpenzi, nimeliona sasa hivi. Mwili wote unatetemeka."

"Tetemeka vizuri." Akakata.

Mpiga picha alikuja mbio, shati nje, akamfunulia picha nzima. Kushoto, bomba la ofisi ya mji limepasuka, linamwaga uchafu hadi kwenye meza ya fundi. Katikati yeye, ameinua kiatu cha mteja kisilowe.

"Nilikuweka katikati ili bomba liwaumbue wakubwa wa ofisi ya mji. Nikawapelekea mwenyewe, nikidhani wataona aibu walizibe."

"Yaani fisi umemkabidhi bucha."

"Wamelikata bomba pichani. Wamekubakiza wewe na maji."

Fundi aliangalia picha, akaangalia bango. Mtu yule yule, gauni lile lile. Huku anaonewa, kule mkosaji. Kumbe kesi yote iko pale ukingo wa picha unapoishia, na mkasi wanao wakubwa. Wakubwa mkasi hawaukosi hata siku moja. Fundi wa bomba ndiye asiyepatikana.

"Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

Mpiga picha akasema, "Niliona picha nzuri. Wewe sikukuona."

Neno hilo lilimchoma, lakini lilikuwa la kweli.

"Jioni mama anapita hapa," fundi akasema. "Ataliona. Nani atamweleza?"

"Mimi."

"Kama nani?"

"Kama mkwe wake, ukiniridhia."

Fundi alichukua kopo la gundi ya soli mezani pake, akavuka barabara hadi kwenye nguzo ya bango, akaipaka gundi pale macho ya watu yanapofika.

"Lete hiyo picha nzima," akasema bila kugeuka. "Shika upande huo, mkwe wa mama. Isikunjike."