Kiboksi Kisicho na Maandishi

Kichwa ni kipi, na mkia ni upi? Babu aliniuliza hivyo kila nilipotoka shule, akiwa ameshika kiganjani kisukuku kidogo kuliko punje ya mchele: trilobiti, mnyama wa bahari ya kale aliyegeuka jiwe. Trilobiti wengine walikuwa na macho yaliyotokeza na pingili nyingi mwilini. Hawa wadogo hawakuwa na macho, walikuwa na pingili mbili tu, na ngao ya kichwa ilifanana na ya mkia kama pacha.

Babu alikuwa mpasua mawe. Kila kipande alichookota machimboni alikitia katika kiboksi cha kiberiti na kuandika juu yake, siku hiyohiyo, mahali kilipotoka. Vichwa alipata, mikia alipata. Mnyama mzima hakumpata. Alipokuwa haamki tena kitandani, alinitania. "Nitaondoka bila kumwona, mjukuu wangu. Labda nitamkuta huko niendako."

Sikuweza kuvumilia. Nilitoa kichwa katika kiboksi kimoja, mkia na pingili katika kingine, nikaviunganisha kwa gundi. Nilimpa babu nikidai nimemwokota mzima machimboni. Alikitazama kisukuku kwa kioo cha kukuzia muda mrefu, akanishika mkono, akanishukuru, kisha akakitia katika kiboksi kipya. Wiki iliyofuata tulimzika.

Sasa shangazi, mtafiti wa makumbusho, aliketi mezani pa babu akiandika kuhusu kile kisukuku. Alitueleza, mimi na bibi, kwamba kichwa na mkia wa namna ile havijawahi kuonekana pamoja. Huenda ni spishi mpya, nayo ingeitwa kwa jina la babu. Bibi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Ila kiboksi chake hakina maandishi," shangazi alisema. "Baba hakuwa mtu wa kusahau."

Hakusahau. Alijua.

Nililia, nikawaeleza yote. Bibi aligeuza uso dirishani. Shangazi aliifunika kalamu yake, akanivuta karibu.

"Ulimpenda, na kumpenda si kosa," alisema taratibu. "Lakini hata yeye aliyekupenda hakuandika jambo lisilo la kweli. Atakayetusoma hatayaona machozi yetu, mwanangu. Ataamini tulichoandika."

Nilikichukua kile kisukuku.

"Nitavitenganisha mwenyewe," niliwaambia, "na kila kipande kitarudi katika kiboksi chake."