Msomaji Aliyeanguka Kusoma

Kila Jumamosi jioni, Ondiek hupiga pasi suruali yake nyeusi. Mkewe, Awiti, haruhusiwi hata kuigusa. Akimaliza, husimama mbele ya kabati la vyombo, hufungua Biblia ya Kiingereza na kulisoma somo la kesho kwa sauti. Kuta za nyumba za kupanga za mtaa wa Pipeline ni nyembamba. Majirani wa orofa nzima hulisikia somo kabla kanisa halijalisikia.

Ondiek ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha sabuni, eneo la Industrial Area. Kanisani yeye ndiye msomaji wa ibada ya kwanza, ile ya Kiingereza. Alianza kusoma wakati binti yao Whitney alipokuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa Whitney yuko chuoni. Ondiek hasomi kwa pupa. Kila neno hupewa nafasi yake. Hata yale majina marefu ya Agano la Kale, ambayo wengine huyapita wakijifanya wanakohoa, yeye huyatamka yote mpaka la mwisho.

Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinatafuta mafundi wenye ujuzi kama wake. Ondiek akaomba kazi, akakubaliwa. Lilibaki sharti moja tu: afaulu mtihani wa Kiingereza.

"Mtihani una sehemu nne," alimwambia Awiti. "Kusikiliza, kuzungumza, kuandika na kusoma. Hiyo ya kusoma sina haja ya kuifanyia mazoezi. Nitakariri maneno magumu tu."

"Una uhakika, Baba Whitney?"

"Mama Whitney, unaniuliza mimi kuhusu kusoma?"

Akatafuta kamusi nene, akaanza na herufi A. Alikariri akioga. Alikariri akipanda ngazi na mtungi wa maji. Alipofika herufi D, siku ya mtihani ikawadia.

Matokeo yalikuja kwa simu. Kusikiliza, amepita. Kuzungumza, amepita. Kuandika, amepita. Kusoma, ameanguka.

Ondiek aliitazama simu, akaizima, akaiwasha tena. Hakuna kilichobadilika.

"Huo mtihani una makosa," alisema.

"Kiwanda wamesemaje?" Awiti aliuliza.

"Wataningoja mpaka mwisho wa mwaka. Nikianguka tena, nafasi atapewa mtu mwingine."

Habari za Pipeline hazishuki kwa ngazi. Zinaruka kutoka dirisha moja hadi jingine. Kufikia Ijumaa, hata muuza mboga wa chini alikuwa anajua kwamba msomaji wa kanisa ameanguka mtihani wa kusoma. Wengine walimpa pole. Wengine walimpa pole huku wanauma midomo wasicheke.

Jioni hiyo Naftaly, katibu wa kanisa, alimsimamisha langoni.

"Ndugu Ondiek, sitaki unielewe vibaya," alisema. "Lakini vijana wanaongea. Pengine ungepumzika kidogo. Jumapili hii tumpe mtu mwingine somo, mpaka mambo yatulie."

"Mambo gani?"

"Haya ya mtihani."

"Zamu ya Jumapili hii ni ya nani?"

"Ilikuwa yako, lakini..."

"Basi nitasoma."

Na kweli akasoma. Alipofika katikati, mtu alicheka kule nyuma. Ondiek akanyamaza. Akawatazama watu wa viti vya nyuma, mmoja mmoja, mpaka kanisa likawa kimya kabisa. Kisha akaendelea pale pale alipoachia, wala hakuharakisha.

Lakini nyumbani alikaa kitandani bila kuvua tai.

"Imeniuma," alimwambia Awiti. "Imeniuma sana."

Wiki hiyo mtu mwingine alibisha hodi. Jina lake Sydney, broka, yaani dalali wa njia za mkato, kutoka mtaa wa Lucky Summer. Alivaa viatu vyeupe visivyojua matope.

"Niaje mzee," alisema. "Nimeskia story yako, ikanisikitisha. Ni rahisi hivi. Nina msee wangu, Kiingereza yake ni moto. Atakufanyia hiyo paper. Mambo ya picha na kitambulisho niachie mimi."

"Afanye mtihani kwa jina langu?"

"Ni njia ya panya, lakini inafika. Watu wengi wameenda hivyo."

Ondiek alihisi damu ikimpanda kichwani.

"Sasa nikuulize. Nikiwa kule, boila ianze kupandisha moto, na onyo limeandikwa ukutani kwa Kiingereza. Nimpigie simu huyo msee wako aje anisomee?"

Sydney akacheka. "Mzee, kwani utakuwa unasoma kuta?"

"Nitakuwa nasoma kuta, ndiyo! Asiyesoma kuta za kiwanda huzikwa nazo."

"Haya, shauri yako. Lakini hiyo kitu itakushinda tena. Nyinyi wazee mna vichwa ngumu."

Awiti, aliyekuwa anachambua sukuma wiki, aliinuka na kuufungua mlango mpaka mwisho. "Kijana," alisema, "ngazi ziko hapo." Sydney akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, Awiti alisema, "Umefanya vizuri kumkataa. Sasa panda juu kwenye paa. Mwalimu Ndinda anakungoja."

Ndinda aliishi mlango wa pili. Alifundisha watu wazima Kiingereza katika ukumbi mmoja kule Umoja, na wanafunzi wake wengi walikuwa wanajiandaa kwa mtihani huo huo.

"Yule msichana?" Ondiek aliuliza. "Nilikuwa nasoma kanisani kabla yeye hajaanza shule."

"Na yeye anafundisha mtihani uliokuangusha. Panda juu, Baba Whitney."

Akapanda, amekunja uso. Ndinda alikuwa kwenye paa, kati ya kamba za nguo, amepanga ndoo mbili ziwe viti.

"Nimekuja kwa sababu ya mke wangu," Ondiek alisema. "Kusoma najua."

"Najua unajua. Nakusikia kila Jumamosi." Ndinda alimpa karatasi. "Soma hiki kifungu, kisha ujibu maswali. Ni habari za mitambo ya mvuke."

Ondiek akatabasamu. Mitambo ndiyo kazi yake. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kila alipokutana na neno asilolijua alirudi mwanzo wa sentensi. Alikuwa katika aya ya pili Ndinda aliposema, "Muda umekwisha."

"Haiwezekani! Hata swali la kwanza sijaliona."

"Ndivyo ilivyokuwa siku ya mtihani?"

Ndivyo hasa ilivyokuwa. Kifungu cha kwanza alikisoma chote, vizuri kabisa. Cha pili alifika nusu. Cha tatu hakukigusa.

"Baba Whitney, unasoma kama mtu anayesomea watu," Ndinda alisema. "Kanisani ni sawa, watu wanakungoja. Kwenye mtihani hakuna anayekusikiliza. Funga mdomo. Acha macho yafanye kazi peke yake."

"Na yale maneno magumu?"

"Mengine utayaruka."

"Niyaruke?" Ondiek alisimama. "Mwalimu, mimi siruki maneno. Tangu nikiwa mtoto nimefundishwa kwamba kuruka neno ni uvivu."

"Ukienda soko la mitumba la Gikomba kutafuta koti, unajaribu kila nguo iliyo mezani?"

"Hapana. Natafuta koti, na natafuta saizi yangu."

"Basi. Maswali ndiyo yanakuambia unatafuta nini. Soma kichwa cha habari. Soma sentensi ya kwanza ya kila aya, ujue aya hiyo inahusu nini. Kisha soma swali, urudi kifunguni ukatafute mahali jibu lilipo. Hapo ndipo unasoma polepole, neno kwa neno, kama unavyopenda. Kwingine unapita."

Ondiek akaketi tena. Akajaribu. Safari hii alifika kwenye maswali, na furaha ikaanza kumwingia. Kisha Ndinda akasahihisha.

"Hapa umekosa. Swali linasema, 'Mafundi wote wanapendelea mitambo mipya.' Unatakiwa useme ni kweli, si kweli, au haikusemwa. Umejibu si kweli."

"Si kweli ndiyo. Mimi ni fundi. Mitambo ya zamani ndiyo mizuri."

"Kifungu kimesema hivyo wapi?"

"Hakijasema. Lakini najua."

"Kama hakijasema, jibu ni haikusemwa. Mtihani haukuulizi unajua nini. Unakuuliza kumeandikwa nini."

"Kwa hiyo kifungu kikikosea, ninyamaze?"

"Bishana nacho ukishatoka nje. Ndani ya chumba, jibu kilichoandikwa."

Hapo Ondiek alirusha karatasi. Akatembea hadi kwenye ngazi, amekasirika kwelikweli. Miaka yote ya kushika mitambo, na leo anaambiwa ujuzi wake hauna kazi! Alikuwa ameshashuka ngazi mbili alipokumbuka sauti ya Sydney: hiyo kitu itakushinda tena. Akasimama. Akageuka, akarudi na kuokota karatasi karibu na ndoo.

"Haitanishinda," alisema. "Lete kingine."

Tangu siku hiyo alipanda kwenye paa kila akitoka kazini mapema. Ndinda aliweka saa juu ya ndoo, naye akasoma kimya. Midomo ilipocheza, Ndinda alikohoa. Mwanzoni alikohoa sana, kama mtu mgonjwa.

Siku moja Ndinda alimwuliza habari za kamusi.

"Ulifika D," alisema. "Katika hayo maneno yote, ni mangapi yaliyokusaidia?"

"Hakuna hata moja. Nilikuwa nayakumbuka, lakini sikujua yanakaa wapi."

"Kwa sababu ulijifunza neno likiwa peke yake. Jifunze neno likiwa na wenzake. Ukilikuta kwenye gazeti, andika sentensi nzima. Halafu tafuta maneno mengine yenye maana ya karibu. Mtihani una ujanja mmoja: swali linatumia neno hili, kifungu kinatumia neno jingine lenye maana hiyo hiyo. Anayetafuta neno lile lile halioni."

"Na nisipolijua kabisa?"

"Lifunike kwa kidole. Soma maneno ya kabla na ya baada. Ungeweka neno gani hapo? Mara nyingi utakuwa karibu."

Ondiek akaanza kuyaona maneno kila mahali. Gazeti la kufungia nyama halikutupwa tena mpaka lisomwe, hata lenye damu. Kiwandani alisoma maandishi ya mitambo aliyoipita miaka yote bila kuyatazama. Akagundua kwamba mtambo mmoja unasema onyo, mwingine tahadhari, mwingine hatari, na kila neno lina uzito wake. Wakati wa chakula cha mchana alikaa kando na karatasi zake, na wenzake wakamtania.

"Omera, unasomea uchungaji?"

"Nasomea kufaulu," aliwajibu bila kuinua kichwa.

Mwezi wa Novemba akaurudia mtihani. Alipofungua sehemu ya kusoma, kifungu cha kwanza kilikuwa kinahusu nyuki. Katika mstari wa pili palikuwa na jina la ua, jina refu ajabu. Kidole chake kiliinuka chenyewe. Moyo ulitaka kulitamka. Ondiek akakishusha kidole chini ya meza na kuliruka lile neno. Dari halikuporomoka.

Akasoma maswali. Akatafuta. Palipokuwa na jibu, akasoma polepole. Swali moja lilimkataa kabisa, akaliwekea alama na kwenda mbele, kisha akalirudia baadaye. Swali jingine liliuliza kama nyuki hulala usiku, naye alijua mambo mengi kuhusu nyuki, maana babu yake alikuwa mfugaji wao. Akayaacha yote nje ya chumba. Kifungu hakikusema. Akajibu haikusemwa.

Msimamizi alipotangaza kwamba muda umekwisha, Ondiek alikuwa ameshaweka penseli mezani.

Matokeo yalikuja jioni moja, Awiti akiwa anasonga ugali. Ondiek alimpa simu asome mwenyewe. Awiti akasoma mstari mmoja mmoja mpaka alipofika kwenye neno la kusoma. Kisha mwiko ukaanguka na kigelegele kikatoka. Dirisha la pili likajibu, na la tatu. Habari ikaruka zaidi ya ile ya kwanza ilivyoruka, na safari hii Ondiek aliiacha iruke.

Kwenye paa sasa kuna ndoo nyingi. Wanaokuja kwa Mwalimu Ndinda ni wengi, na kila mmoja huambiwa habari ya koti la Gikomba. Mmoja wao, Sydney alipomjia na ile njia yake ya panya, alimwambia asirudi.

Naftaly naye alikuja nyumbani, amevaa koti la kanisani.

"Ndugu Ondiek, tumefurahi sana. Kamati imeamua kukurudishia zamu yako ya kusoma."

"Hamkuwahi kuichukua," Ondiek alisema, akamkaribisha chai.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, kanisa lilijaa hadi mlangoni. Wale vijana wa nyuma walikuwepo pia. Ndinda alikuja kama mgeni, akakaa mbele kando ya Awiti na Whitney. Somo la siku hiyo lilikuwa na ukoo mrefu, majina matupu, fulani akamzaa fulani. Ondiek alipanda mimbarani, akafungua Biblia, akalisoma jina la kwanza, kisha la pili, kila moja na nafasi yake.

Majina yalipozidi, aliinua macho. Ndinda alikuwa amenyoosha mkono, anamwonyesha saa yake, huku anajizuia kucheka. Akakohoa.

Ondiek alimtazama. Akaweka kidole chini ya jina lililofuata, akavuta pumzi, akalitamka polepole zaidi.