Upole wa Seremala

Kasoro ya kwanza ilikuwa seremala kumwomba mkewe radhi. Alikanyaga shuka lililotoka kufuliwa, akasimama, akasema taratibu, "Nisamehe, mke wangu." Mtu huyu alikuwa mkali kama pilipili, wa kugombana hata na msumari uliopinda. Mkewe alibaki ameshika beseni.

Siri ilikuwa kwenye chumba cha mbao nyuma ya karakana. Kila alfajiri mume alitandika mkeka humo, akafumba macho na kufuata pumzi zake. Mwalimu wake alimwambia moyo husafishwa hivyo: tulia, wazo lipite, na ukisikia unaitwa usiitike.

Mke alipaswa kufurahi. Badala yake akaona wivu. Yeye alimlilia mtu huyu abadilike tangu mimba ya kwanza, asibadilike; leo amebadilika kwa ajili ya nani? Akaanza kutega sikio mlangoni. Asubuhi moja alisikia pumzi za watu wawili, na harufu ya mti uliokatwa sasa hivi ikapenya chini ya mlango, ilhali mbao zote mle zilikuwa kavu.

"Wifi, kaka yako ana mtu humo," alimnong'oneza dada wa mumewe.

"Chumba chenyewe hakina hata dirisha."

"Ndiyo maana naogopa."

Mchana, mume alipopeleka kitanda kwa mteja, mke akajifungia mle chumbani, akaketi mkekani amngoje huyo mwanamke. Alifumba macho, na kimya kikamzunguka, kikasogea, na ile harufu ya utomvu ikapanda puani mpaka akaionja ulimini, na pumzi ambayo haikuwa yake ikaanza kupanda na kushuka karibu kabisa na shingo yake, halafu sauti ya mumewe, ile mpya, ile ya upole, ikamwita.

"Mke wangu."

"Nani wewe?" aliitika, wivu umemsahaulisha hofu.

"Mimi ndiye ninayekuomba radhi."

"Na mume wangu?"

"Yupo chini yangu. Nilimwita, akaitika. Mumeo kunyamaza hajui."

Alitoka mbio, na jioni hiyo akaleta mganga. Seremala hakupinga, alimkaribisha hata kiti. Mganga akamwekea mkono kifuani, akatulia, kisha akamvuta mke pembeni.

"Mama, nikimtoa huyu, atakayebaki ni yule wa zamani. Kwa kelele zake na kofi lake. Nimtoe?"

Mke alimtazama mumewe. Alikuwa anampozea chai, anaipuliza polepole asije akaungua. Na kutoka kifuani mwake, kwa mbali, ikasikika sauti ile ngumu aliyoizoea: "We mwanamke, nitoe humu." Kisha ikafifia: "Naogopa."

"Mwache alivyo," mke alimwambia mganga. Aliona aibu na raha kwa pamoja, akapokea chai yake.

Mganga alipoondoka, ile sauti ikaanza kulia. Mke hakuweza kuvumilia. Akainama, akaweka sikio kifuani pa mumewe amsikie. Mkono ukamwinua kidevu kwa upole, na kiganja kikamziba sikio.

"Mke wangu, mimi nina wivu," alisema yule mpole. "Sipendi umsikilize mwanamume mwingine."